Suruali ya Kuchezea Roki

Mwaka ule Ramadhani iliangukia masika, na fundi Idarusi wa Majengo, Nairobi, alifunga mara mbili: alifunga kula, na alifunga mdomo wake usitukane watu. Funga ya kwanza aliiweza. Ya pili, tusidanganyane, ilimshinda hata kumi la kwanza halijaisha.

Na nani angeiweza? Kibarazani pake zilikuwa zimelala kanzu thelathini na mbili zikingoja Idi, wenyewe wameshapimwa na vitambaa vimeshakatwa, na bado kila asubuhi hakosi kijana mmoja amesimama mbele ya cherehani na suruali mkononi. Suruali nzima, pana, yenye heshima zake, ambayo pengine baba yake aliivaa siku ya ndoa.

"Fundi, nibanie hii."

"Nikubanie nini?"

"Miguu. Ibane mpaka hapa."

"Na huo mguu wako utapitia wapi? Utaukunja?"

"Utapita tu, fundi. Ndiyo ya roki hiyo."

Roki! Idarusi hakuwa na haja ya kuuliza roki ni mdudu gani. Mwaka wa hamsini na nane Majengo nzima ilikuwa inamjua. Vijana wa Kaloleni, watoto wa watu wa reli, walipata sahani za santuri sijui wapi, wakazipiga kwenye ukumbi wao, na tangu siku hiyo hakuna kijana aliyetembea kwa mguu uliotulia. Wanatembea wanatikisa magoti kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nywele wanazipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Ukimwuliza mmoja wimbo wenyewe unasemaje, anakwambia hajui, ni Kiingereza cha Marekani, lakini unamwingia mwilini. Lahaula! Kitu hujui kinasemaje, unakiachia kikuingie mwilini?

Na laiti wazimu huo ungeishia kwa watoto wa watu. Ulikuwa unalala ndani ya nyumba yake.

Saad alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyelelewa na Idarusi na mkewe Shamsia tangu ana miaka saba. Sasa alikuwa na kumi na tisa, na kwa kutarizi shingo ya kanzu, ile kazi ya uzi wa hariri mweupe juu ya kitambaa cheupe, hakukuwa na mkono kama wake kutoka Majengo mpaka Eastleigh. Magan, mfanyabiashara wa Kisomali wa huko Eastleigh, mtu asiyesifu hata mvua, alisema shingo zile zingemfaa sultani. Lakini mkono wa malaika, mguu wa shetani! Saad akikaa kwenye cherehani, kile kibao cha miguu hakikanyagi kama watu. Anakipiga ta-ta-tam, ta-ta-tam, kisha anakiacha kidogo, kisha anakirukia. Kibaraza kizima kinatikisika kwa roki na santuri hakuna.

"Saad! Unashona au unafukuza panya?"

"Nashona, Mjomba."

"Mbona cherehani inalia?"

"Inaimba, Mjomba."

Na la kuudhi zaidi, mshono ulitoka umenyooka. Idarusi aliupapasa kwa kidole gumba akitafuta kosa, akalikosa, akakasirika upya.

Aliupapasa, ndiyo. Hakuutazama. Macho ya Idarusi yalikuwa yanazimika. Mwaka mmoja sasa ukungu ulikuwa umeyaingia, umekuwa ukizidi kila mwezi, na uso wa mtu aliuona kama umefunikwa shashi. Hakumwambia mtu, si Saad, si Shamsia. Fundi asiyeona, nani atamkabidhi kitambaa chake? Akajitafutia njia. Kila asubuhi alimwamuru Saad atunge nyuzi kwenye sindano ishirini, ati ndiyo adabu ya kazi. Vijiti vya nyuzi alivipanga ndani ya mkebe, nyeusi kulia, nyeupe kushoto, za rangi katikati, akawa anachukua bila kutazama na kujisifu kwamba fundi mwema hahitaji kutazama. Tarizi yote alimwachia Saad, ati anamfundisha. Kwa ufupi, macho ya duka lile yalikuwa kichwani mwa Saad. Saad akiondoka, duka limekufa, na Idarusi anabaki mtu wa kuongozwa chooni kwa mkono. Naye alikuwa na miaka hamsini na miwili tu.

Basi katika kumi la mwisho, baada ya kufuturu, Saad akaweka kikombe chini akasema ana neno.

"Walter ananitaka kwenye bendi yake."

Walter alikuwa mtoto wa karani wa reli, kijana wa Kaloleni mwenye gitaa moja na maneno elfu.

"Anakutaka ukamshonee?" Idarusi aliuliza.

"Nikacheze, Mjomba. Wao wanapiga, mimi nacheza roki mbele yao. Idi Pili alasiri tuko ukumbi wa Kaloleni. Kuna bwana anakuja kutoka Kampala kututazama. Akipendezwa, kesho yake asubuhi tunapanda naye treni. Mwaka mzima, Mjomba. Kampala, Jinja, huko kote."

"Mtu na akili zake anaacha kazi ya mikono, anakwenda Uganda kutikisa makalio!"

"Mjomba, nikiusikia ule muziki, nasikia kama nimepewa mwili mpya. Hata nikiwa na huzuni za mama, zinanitoka. Sasa nikikaa hapa mpaka nizeeke, nitakumbuka nini cha ujana wangu? Shingo za watu?"

Shamsia akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie! Na yeye si alikuwa na tarumbeta lake huko Pangani? Alikuwa akipuliza mishipa ya shingo inamtoka. Muulize baba yake alimfanya nini."

"Haya, kuleni tambi zenu," Idarusi akasema, akageukia ukuta.

Pangani ile ya zamani, mtaa wa hapo hapo Nairobi, serikali iliivunja kabla ya vita. Nyumba ziliondoka, vichochoro viliondoka, kisima kikafukiwa. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa beni, ile ngoma ya matarumbeta, waliokuwa wakiupiga siku za arusi, na kila Idarusi alipouimba moyoni, Pangani yote ilirudi: mlango wa nyumba yao, harufu ya vitumbua, wasichana waliosimama barazani na kanga zilizopigwa pasi. Alikuwa na miaka ishirini wakati beni ile ilipoalikwa kwenda kukaa Mombasa. Wenzake wakaenda. Yeye akabaki, na kwa miaka zaidi ya thelathini amewaambia watu kwamba baba yake alimkataza. Hata Shamsia alimwambia hivyo. Sasa huyu Saad anataka kuondoka kwa wimbo, na wala haogopi! Hilo nalo lilimchoma.

Siku ya mwisho ya mfungo ilikuwa vurugu tupu. Watu wamejazana kibarazani, huyu anadai kanzu, yule anadai kofia. Saad alikuwa amejishonea suruali nyeusi ya kuchezea, nyembamba hata aibu kuitundika, imebaki mshono wa nyuma tu. Lakini shingo ya kanzu ya Magan ilikuwa haijaisha, na Magan ameshatuma mtu mara tatu.

"Mjomba, nakuomba. Nimalizie makalio ya suruali yangu, nami nimalize shingo hii."

Wanasema mashetani hufungwa Ramadhani nzima. Wa Idarusi alikata kamba siku moja kabla ya wakati. Aliichukua suruali, akaingia nayo ndani, na badala ya kuishona kwa cherehani akaipiga bandi. Bandi ni ule mshono wa mkono mrefu mrefu wa kushikiza kitambaa kabla ya kukishona. Ukiuvuta kidogo, umeachia. Akatunga uzi mwenyewe kwa shida, akihisi tundu kwa ncha ya ulimi, akapitisha bandi ya uzi mmoja, mwembamba, kisha akaigandamiza kwa pasi ya mkaa mpaka ikalala. Roki ina kuchutama na kupanua miguu, Saad mwenyewe alishamwonyesha. Atachutama mara moja. Suruali itafunguka mbele ya ukumbi, watu watacheka, bwana wa Kampala atacheka, na Saad atarudi nyumbani na kukaa. Idarusi alijiambia kwamba kumwaibisha mtoto siku moja si kumwua. Akaikunja suruali vizuri, akampa.

"Asante, Mjomba. Mungu akuweke."

Idi Mosi ikapita kwa pilau na wageni. Idi Pili, baada ya adhuhuri, Saad akaondoka na mfuko wake. Idarusi akakaa kibarazani, akangoja kufurahi. Furaha haikuja. Akaanza kumkumbuka mzee mmoja wa mtaa wa nyuma aliyewahi kukamatwa na mkate wa watu ndani ya koti, zamani hizo za njaa ya nzige. Mpaka leo jina lake ni Mzee Mkate, na wajukuu zake, waliozaliwa juzi, wanaitwa wa Mkate. Majengo hawasahau. Saad ataitwa nani? Akioa, watu wataimba nini kwenye arusi yake? Na dada yake, kule aliko, atamwambia nini?

"Astaghfirullah," akasema kwa sauti, akachukua bakora.

"Unakwenda wapi?" Shamsia akauliza.

"Kaloleni."

"Kwenye roki? Wewe?"

"Kwenye roki, ndiyo! Kwani wamekataza wazee?"

Njia aliijua tangu ujanani, lakini siku hiyo ilimchosha roho. Alitembea kando kando ya kuta, akajikwaa kwenye mtaro, akamsalimu mbuzi, akatukanwa na mwenye baiskeli, naye akamrudishia tusi lake na riba. Alipokaribia Kaloleni hakuhitaji kuuliza. Tangu miaka ya kafiu, watu walipokatazwa kutoka usiku, dansi za hapo zilizoea kupigwa mchana, na gitaa la Walter lilikuwa linasikika mpaka barabarani.

Mlangoni watu walikuwa wamebanana. "Mzee, kuna ngoma ya watoto hapa," mmoja akamwambia. Idarusi akazunguka mpaka dirisha la ubavuni, akashika nondo. Ndani aliona giza na rangi rangi zinaruka. Nani ni nani? Alijaribu kumwita Saad, lakini sauti yake ilimezwa. Ndipo akasikia mguu. Katikati ya makelele yote yale, juu ya mbao za ukumbi, mguu mmoja ulikuwa unapiga ta-ta-tam, ta-ta-tam, ukaacha kidogo, ukaruka. Aliujua. Alikuwa ameutukana miaka miwili. Akasimama pale na moyo mkononi, akingoja kicheko.

Kicheko hakikuja. Watu walipiga makofi, wakapiga vigelegele, wakaita, "Saad! Saad! Saad!" mpaka kioo cha dirisha kikatetema. Muziki ulipokoma, baada ya muda mtu akaja kwa nyuma akimwita.

"Mjomba? Umekuja kucheza?"

"Suruali," Idarusi akasema, anahema. "Usiivae ile suruali. Nimeifanya vibaya."

"Nimeshaijua. Nimevaa ya Walter, inaniishia kwenye mashavu ya miguu." Saad akaitoa ile suruali nyeusi kwenye mfuko wake, na sauti yake ikabadilika. "Nilipoigeuza niinyooshe nikaona. Bandi, Mjomba! Mimi! Mbele ya watu mia tatu!"

"Nilitaka ubaki."

"Ndiyo unipasulie nguo? Si ungenipiga tu, nikajua nimepigwa? Na hata kuficha hukuficha, ndicho kinachoniuma zaidi. Suruali nyeusi, unaniwekea uzi mwekundu! Ulitaka nione? Ulitaka nijue unavyonidharau?"

"Mweusi," Idarusi akasema.

"Nini?"

"Uzi ule ni mweusi. Niliuchukua kulia."

Saad akamkazia macho. Watu walikuwa wanapita wanampiga mabegani, wanamsifu.

"Mjomba, mimi nimevaa shati la rangi gani?"

"Usinijaribu kama mtoto wa chuoni."

"La rangi gani?"

Ilikuwa Idi. Watu huvaa nyeupe siku ya Idi. "Jeupe," Idarusi akasema.

Lilikuwa la manjano, la kung'aa, la bendi, mtu mwingine angeliona tangu Gikomba.

Saad alimshika mjomba wake kiwiko, na wakarudi Majengo hivyo, njia nzima kijana akimwambia tu, "Mtaro," au, "Jiwe." Karibu na nyumbani ndipo akasema kwamba bwana wa Kampala ameridhika, na kwamba yeye hataenda.

Shamsia alipoambiwa alipiga mayowe mpaka majirani wakachungulia. "Mwaka mzima nalala na mtu hanioni! Nasuka nywele, najipaka wanja, kumbe najipambia ukuta! Na mkebe wako nimeupangua mimi, juzi, nikafagia, nikazipanga nyuzi zipendeze kwa ajili ya Idi! Ningejuaje? Ungesema, Idarusi! Mdomo wa kutukana watu unao, wa kusema huna?"

Asubuhi yake Saad alikaa kwenye cherehani mapema. Magan alikuwa ameleta kitambaa cha kanzu kumi na mbili kwa arusi ya binti yake Anab, na Saad akaanza kuunga mabega. Idarusi akakaa kwenye kigoda chake. Alikuwa amepata alichokitaka. Kijana yupo, duka lipo, sindano ishirini zimeshatungwa. Akasikiliza.

Kibao kilikwenda chini, juu, chini, juu. Hakikuruka. Hakikuacha hata mara moja. Mshono ulikwenda taratibu mpaka mwisho wa kitambaa, ukageuka, ukarudi. Idarusi alisikiliza kwa muda mrefu, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyokanyaga yeye kwa miaka zaidi ya thelathini.

"Acha!" akapiga kelele.

"Nimekosea?"

"Treni yenu saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini nimeshakwambia siendi."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa mbili imepita. Mjomba, nani atakutungia sindano?"

"Sindano! Sindano ndiyo ikuzuie? Nisikilize, mpumbavu wewe. Baba yangu hakunikataza kwenda Mombasa. Alinipa nauli mkononi na akaniombea dua. Niliogopa. Nikajificha nyuma ya msikiti mpaka treni ikaondoka, kisha nikamsingizia mzee wa watu."

"Eti nini?" Shamsia akasema kutoka ndani.

"Umesikia! Nimemsingizia mpaka amekufa! Na huyu naye akizeeka atanisingizia mimi, na atakuwa anasema kweli. Ondoka, Saad. Unashona kama maiti, unaniudhi. Ondoka!"

Saad aliinama akambusu mkono, akaubakiza usoni pake kidogo, kisha akatoka mbio na ile suruali fupi ya Walter, huku Shamsia akimkimbilia na mfuko wa mandazi na kulia na kutukana vyote kwa pamoja.

Idarusi hakungoja mkewe arudi. Alikikunja kitambaa cha Magan, akakitia begani, akashika njia ya Eastleigh na bakora yake. Alimkuta Magan mlangoni pa duka lake, alimjua kwa kikohozi.

"Nimekurudishia kitambaa chako, Bwana Magan."

"Kwa nini? Arusi wiki mbili tu!"

"Sioni. Macho yangu yamekwisha. Shingo zote ulizozisifu ni za Saad, na Saad yuko kwenye treni."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Magan akamsogelea.

"Huoni tangu lini?"

"Mwaka."

"Mwaka!" Magan akafoka. "Mwaka mzima kila Ijumaa nikienda Pumwani msikitini napita ng'ambo ya kibaraza chako, nakuinulia mkono, unanitazama usoni na hunijibu! Nikasema huyu sifa zimempanda kichwani. Kazi nikakuletea, kwa sababu kazi ni nzuri, lakini kahawa yako nikaiacha. Na si mimi peke yangu. Waulize watu. Mtaa mzima unasema fundi Idarusi siku hizi hasalimu mtu."

"Ulikuwa unaniinulia mkono?"

"Kila Ijumaa ya Mungu!"

Idarusi akatafuta kwa bakora mahali pa kukaa, akapata gunia la sukari, akaketi juu yake. Alikuwa amedhani watu wamemchoka. Alikuwa amekaa kibarazani mwaka mzima akiwakasirikia kwa hilo.

"Inua tena," akasema.

"Ebo! Si umesema huoni?"

"Wewe inua tu. Nitakujibu."

Magan akatazama kulia na kushoto, wateja wake wamejaa dukani, akaona haya. Kisha akainua mkono wake, na fundi Idarusi, aliyeketi juu ya gunia akiwa ameelekea upande mwingine kidogo, akainua wake.